Nta ya Bibi

Wiki iliyopita nilimsindikiza binamu yangu hospitali kwa ajili ya nyonga yake, na tulipotoka tukakuta tingatinga linaubomoa ule ukumbi wa dansi wa mjini. Watu wazima walikuwa wamejipanga ng'ambo ya barabara na simu zao, wanapiga picha na kufuta machozi. Nusu yao hawakuwahi hata kuruhusiwa kuingia. Mimi niliingia, ndugu yangu, na sikutoa chozi.

Si kwamba haukuwa mzuri. Ulikuwa na jukwaa la bendi, tufe la vioo darini, na sakafu ya mbao za mninga iliyong'aa hata ukiinama unaona meno yako. Jumapili alasiri makarani na walimu walikuja na wake zao, suruali zimenyooshwa kwa pasi ya mkaa, wakacheza mpaka magharibi. Mlangoni alisimama meneja, akitazama miguu kabla ya sura. Mwenye kandambili alirudishwa. Mwenye vumbi la shamba kisiginoni alirudishwa pia, tena kwa kuchekwa.

Sakafu ile ilikuwa ya bibi yangu. Hakuwahi kuicheza mbele ya watu, lakini simjui aliyeicheza kumzidi. Kila Jumamosi asubuhi aliyeyusha nta ya nyuki aliyoletewa na mjomba kutoka kijijini Haneti, akaichanganya na mafuta ya taa kwenye kopo, akaipaka. Kisha alijifunga vipande vya blanketi miguuni, akateleza huku na huko ndani ya ukumbi mtupu, kiuno kikienda, akiimba Kigogo chake. Mimi nilikaa jukwaani nikitafuna karanga. Alipenda kuniambia kwamba nta isiposuguliwa ni mtego. Jioni tulikula ugali wa uwele na mlenda, na mikono yake ilinuka nta hadi kwenye tonge.

Krismasi kulikuwa na disko toto. Miaka miwili mfululizo nilishinda mimi. Zawadi ilikuwa keki na soda, ila nilichokipenda hasa ni kubebwa juu juu na wenzangu. Mwaka wa tatu mjomba akamleta binti yake kutoka Haneti, mtoto wa miaka tisa, mdogo wangu kwa mwaka mmoja. Muziki ulipoanza alitikisa mabega na shingo kama wanavyocheza ngomani kwao, na ukumbi mzima ukaacha soda kumtazama. Nilimchukia, nakwambia kweli. Na viatu alivyovaa vilikuwa vyangu vya zamani, maana bila viatu meneja asingempitisha. Soli zake zilikuwa zimelika kabisa.

Tukabaki watano. Meneja alimchorea kila mmoja duara lake la chaki, na la binamu lilikuwa la mwisho, karibu na stoo. Wakati wa mapumziko, wenzangu wakigombania keki, niliingia stoo nikachota nta kwenye kopo la bibi, nikaipaka ndani ya duara lile. Sikuisugua.

Aliruka mara moja tu. Nilisikia mfupa kabla ya kilio. Watoto walicheka, na aliyeanza kucheka ni mimi.

Meneja alimwita bibi kutoka mlango wa jikoni, alikokuwa ameruhusiwa kuchungulia siku hiyo, siku moja kwa mwaka. Akapitisha kidole sakafuni, akakiinua mbele ya wazazi wote, akamuuliza hiki ni nini. Mjomba alikuwa amemkumbatia mwanawe, anangoja jibu. Bibi alipiga magoti, akagusa, akanusa. Kisha akainua macho, akatazama mikono yangu niliyoificha nyuma.

"Nimezeeka, bwana meneja," alisema. "Mkono umesahau."

Alifukuzwa pale pale, akaondoka na vipande vyake vya blanketi kwapani. Nyumbani alimwaga mafuta ya taa kwenye kitambaa, akanisugua viganja, kidole kwa kidole, mpaka nta ikatoka yote. Nilingoja kofi. Nilingoja hata neno. Akanipakulia ugali, na yeye hakula.

Tangu siku ile mjomba hakukanyaga tena kwa mama yake, wala nta ya Haneti hatukuiona. Bibi alikuwa akichungulia barabarani kila msimu wa asali. Alipokufa, mjomba alituma salamu kwamba yuko shambani anapalilia. Tukamzika bila mwanawe wa pekee wa kiume. Nilikuwa na miaka ishirini, mtu mzima mwenye ulimi wake. Ningefungua mdomo, mjomba angekuja na jembe lake kaburini. Sikuufungua.

Sasa tingatinga lilikuwa limefika kwenye sakafu. Mbao zilipasuka, na nakuapia harufu ya nta ilivuka barabara ikatufikia. Wanasema patajengwa ghorofa la maduka. Mninga wa bibi ulikuwa unarundikwa pembeni, na mama lishe mmoja alikwisha kuomba vipande viwili vya kuni.

Binamu yangu aliegemea mkongojo wake, akanusa, akatikisa kichwa.

"Dada," alisema, "mimi bibi nilishamsamehe. Uzee ni uzee."

"Umefanya vizuri, mdogo wangu," nikamjibu, nikamshika mkono tuvuke barabara.