Uji Uliofika Chini

Juzi jua la Siakago lilinisukuma ndani ya kibanda cha michezo ya video. Vijana wawili wa bodaboda walikuwa wakicheza mchezo mpya wa kupigana risasi angani, mahali ambapo vitu havina uzito. Kila askari akifyatua bunduki, yeye mwenyewe anarushwa nyuma, akielea miguu juu.

"Hii game imeweza!" mmoja akapiga kelele.

Bibi anayeuza uji, ambaye vijana humwita cucu, yaani nyanya, akasimama mlangoni na chupa yake ya uji na kikombe. "Huyo atakanyaga wapi?"

"Huko hakuna chini, cucu."

Bibi huyu hauzi kikombe cha kwanza kabla ya kuwamwagia marehemu wake tone chini. Akakunja uso. "Sasa akitaka kupea wazee wake uji, unaenda wapi?"

Kijana akaacha kufyatua. "Unaelea tu, cucu. Hauwafikii."

"Woi, maskini." Akamimina uji kikombeni, akakiinamisha. Sote tuliutazama uji ule mpaka ukagusa vumbi.

"Umefika," kijana akasema taratibu, akavua kofia.

Wengine wausifu mchezo huo kwa picha zake. Mimi nausifu kwa kuwa kabla yake sikuwahi kuona watu wazima wakishukuru kwamba uji umeanguka.