Ndege ya Vituo Vingi

Mguu wangu wa kushoto ulibaki Ulaya. Sijui kama waliuzika au waliuchoma, hakuna aliyeniambia. Aliyeukata simlaumu, maana daktari yule aliukuta umeshakufa. Waliouua ni watu wa kwetu Mbololo, waliokaa kwenye viti vya kanisa wakanywa chai na mkate, wakanichagulia ndege. Majina yao siandiki. Si kwamba naogopa. Wakisoma hapa watajijua, na watoto wao watawajua, na hiyo inanitosha.

Wa kwanza ni katibu wa kamati ya safari yangu, mtoto wa baba yangu mdogo. Wa pili ni mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyependa kusikia sauti yake kuliko wimbo wowote. Wa tatu ni mwenye duka la karibu na stesheni ya Voi, aliyetikisa kichwa kukubali kwa sababu mwenyekiti ametikisa. Waliobaki walikuwa wanywaji wa chai tu.

Mimi nilikuwa mtu wa mkonge. Shule niliiacha darasa la tatu, nikateremka bondeni kwenye shamba, nikapewa kusukuma toroli. Yale matoroli yalikuwa yanapita juu ya reli nyembamba, yanabeba majani kutoka shambani mpaka kwenye mashine. Siku moja, miaka ya sabini hiyo, toroli lililojaa liliacha reli mteremkoni likanilalia gotini. Goti likawa kama muhogo uliotwangwa. Hospitali walilifunga plasta, wakalifungua, wakalifunga tena. Halikushika.

Kulikuwa na daktari mmoja wa misheni, mzungu mzee aliyesema Kiswahili kizuri kuliko mimi. Huyo aliwaandikia rafiki zake huko kwao. Wakakubali kunipasua bure, na kanisa la kwao likajitolea kulipa nauli, yangu na ya mtu wa kunisindikiza. Kamati yetu ilibakiwa na kazi moja tu: kuchagua ndege.

Daktari alikuja mwenyewe kwenye kikao. Nilikuwepo, mguu wangu umelala juu ya kiti cha pili kama mgeni.

“Ndege ziko mbili,” akasema. “Moja inaruka Nairobi jioni na haigusi chini mpaka kule. Ina viti vya mbele kabisa, mbele yake ni ukuta, mtu ananyoosha mguu. Nyingine inatua tua njiani, na viti vyake vimebanana. Huyu mguu wake usikunjwe. Ukikaa umekunjwa ndani ya plasta utavimba, na ukivimba hauna pa kwenda. Tumeelewana?”

Wakasema wameelewa. Nauli za ndege hizo zilikuwa karibu sawa, kwa hiyo mtu asije akaniletea habari za umaskini. Daktari akashukuru, akaenda zake. Gari lake halijafika hata kwenye kona, katibu akasimama.

“Wazee wangu, tusikimbilie la daktari. Daktari anajua dawa. Safari ni jambo jingine. Nani hapa hajapanda treni ya Taveta?”

Hakuna aliyenyoosha mkono.

“Inasimama wapi?”

“Mwatate,” mmoja akasema. “Bura. Maktau.”

“Na ikisimama mnafanya nini?”

“Tunashuka. Tunajinyoosha.”

“Na yule mama wa mahindi ya kuchoma pale Bura,” akasema mwenye duka, “huyo lazima ushuke hata kama huna njaa.” Watu wakacheka.

“Basi,” katibu akasema. “Mgonjwa mnataka kumfungia kwenye chombo kisichosimama, kutoka jioni mpaka asubuhi? Hata mbuzi wa mnada hushushwa njiani akanywa maji.”

Nikasema, “Lakini daktari amesema hapa hapa, sote tukisikia.”

Mwenyekiti akanitazama juu ya miwani. “Ndugu, abiria mgonjwa haendeshi gari.”

Wakacheka tena. Mke wangu alikuwa mlangoni na birika. Akauliza kwa adabu kabisa, “Na huyu mtu wa plasta, atapanda na kushuka ngazi za ndege mara ngapi?”

“Mama,” mwenyekiti akasema, “chai inapoa.”

Ikapita hivyo. Wanaume wazima, wengine wameshika Biblia, walichagua ndege ya kwenda Ulaya kwa hesabu ya treni ya Taveta. Ile treni husimama kwa sababu kuna watu, kuna mizigo, kuna mahindi ya kuchoma. Wao wakaona kusimama ni raha popote pale, hata angani.

Msindikizaji akachaguliwa katibu mwenyewe, kwa kuwa anajua Kiingereza. Nairobi tulipoingia kwenye ndege nikaona amebeba kibuyu kikubwa kimefungwa na gunia, kinanukia asali ya Kasigau. Akakiweka chini mbele yangu, pale pale ambapo mguu ulitakiwa kunyooka.

“Hicho nini?”

“Zawadi.”

“Ya daktari?”

“Ya kijana wangu. Kwani hujui anasoma kule tunakotua mara ya pili?”

Sikujua. Kamati haikujua, au kama kuna aliyejua, alikuwa amejaza mkate mdomoni. Ndiyo nikaelewa kwa nini treni ya Taveta ilikuwa tamu vile.

Kituo cha kwanza hatukushuka. Mlango ulifunguliwa, joto likaingia, watu wa kufagia wakapita na mifuko yao, mlango ukafungwa. Nilimwambia ndugu yangu, “Basi nishushe nijinyooshe.” Akajifanya amelala.

Kituo cha pili walinibeba wanaume wawili mpaka kwenye ukumbi wa viti vya chuma vilivyopigiliwa sakafuni, kila kimoja na mikono yake, huwezi kulala wala kuegemea. Katibu akachukua kibuyu.

“Namwona kijana mara moja tu. Nakuja sasa hivi.”

“Vidonge vyangu?”

“Ninavyo hapa,” akapiga mfuko wa koti, akaenda navyo.

Mwanawe alikuwa amemtafutia kibali cha kukaa. Mimi sikuambiwa. Ndege ilipoitwa, alikuja msichana wa uwanja wa ndege na kiti cha magurudumu. Nikamtajia jina la ndugu yangu, nikalirudia, nikaonyesha mlango alikopitia. Akatikisa kichwa, akanisukuma. Ndani ya ndege nafasi yetu ilikuwa imekaliwa na mama na watoto. Nikawekwa nyuma kabisa, mguu umekunjwa. Mtu wa mbele yangu akalaza kiti chake kikanikalia gotini. Kiingereza changu kilikuwa neno moja, plizi. Nikalisema mpaka likaniishia. Yule mtu alikuwa amelala, anakoroma vizuri.

Sitaeleza maumivu. Aliyewahi kuyajua anayajua, na asiyeyajua ataona napamba. Nitasema tu kwamba kuna wakati yalikoma, nikamshukuru Mungu, kumbe mguu ndio ulikuwa unaniaga.

Hospitalini walipofungua plasta walitazamana. Kulikuwa na mama mmoja wa kwao aliyewahi kuishi Kenya, ndiye aliyekuwa mkalimani.

“Daktari anauliza, nani alikuchagulia ndege hii?”

“Ndugu zangu.”

Akamgeuzia maneno. Daktari akaniangalia usoni, halafu akaangalia vidole vya mguu vilivyokuwa vyeusi, kisha akanigusa begani. Kesho yake nikaamka mwepesi upande mmoja.

Katibu alifika baadaye, amevaa viatu vipya, ananukia sabuni nisiyoijua. Vidonge bado vilikuwa mfukoni. Akashika ukingo wa kitanda.

“Pole sana, ndugu yangu. Mipango ni ya Mungu.”

“Mungu hakuwa kwenye kamati,” nikamwambia.

Tiketi ya kurudi alinichagulia yule daktari wa huko. Nilirudi peke yangu kwa ndege isiyosimama. Nilipewa kiti cha mbele, ukuta mbele yangu, mto wa mgongo, blanketi jepesi lenye joto. Msichana wa ndege alinisogezea kijisanduku, akaniashiria ninyooshe miguu. Nikanyoosha mmoja. Pale ulipokuwa ule mwingine kulikuwa na nafasi kubwa, mtoto angeweza kulala. Nililia mpaka chakula kikapoa. Watu walidhani naogopa kuruka. Mimi nilikuwa naona kwa macho yangu kitu walichoninyima: kiti tu, na kukaa bila kusumbuliwa.

Nyumbani nilikuta habari imeshatengenezwa. Katibu alitoa ushuhuda kanisani jinsi alivyonihangaikia ugenini. Akapigiwa makofi. Mwenye duka alinitumia kilo ya sukari. Mwenyekiti alikuja akanihutubia mpaka jioni. Nilijifunza kushona viatu, nikakaa Voi sokoni miaka mingi, na kila anayepita na miguu miwili nilimtengenezea.

Sasa kuna jambo la kwetu ambalo mgeni lazima aambiwe. Sisi Wadawida tunaamini hasira ya ndugu mkubwa haikai bure moyoni. Inatoka, inatembea, inamfuata aliyeisababisha: atapoteza mifugo, ataugua, safari zitamharibikia. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anapewa pombe ya miwa, au hata maji, anajaza mdomo, anapuliza nje, anasema moyo wangu umepoa, nenda salama. Akishapuliza, imekwisha. Kanisani wanasema ni ushenzi, na aliyesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa katibu wetu. Alitunga hadi mahubiri.

Na kwa ukoo, baba yangu ndiye mkubwa wa baba yake. Mimi ndiye mkubwa wake.

Miaka ya themanini, kijana wake, aliyehamia nchi ya mbali zaidi, alitaka kuoa huko. Akamwita baba yake. Katibu akaanza kujiandaa. Pasipoti ikapotea ofisini. Ng'ombe wake wa maziwa akaanguka korongoni. Halafu goti likamvimba, la kushoto. Hilo sikulipangia mimi, ila sikusikitika. Wanawake wa ukoo wakaanza kusema visimani kwamba kuna moyo wa mtu haujapoa.

Akaja kwangu asubuhi, anachechemea. Ameshika chupa ya soda iliyofungwa kwa gunzi la hindi.

“Shikamoo, kaka.”

Maisha yake yote hakuwahi kuniamkia hivyo.

“Marahaba. Goti vipi?”

“Linasumbua.” Akakaa. “Kaka, wewe umepanda ndege nyingi.”

“Mbili.”

“Nimeambiwa ziko za kwenda moja kwa moja na ziko za kutua. Kwa mtu wa goti, ipi ina raha?”

Mke wangu alikuwa anachambua maharage. Mikono yake ilisimama.

“Ya vituo,” nikasema. “Unashuka, unajinyoosha. Hata mbuzi wa mnada hushushwa njiani.”

Akainamisha uso. Halafu akasema polepole, “Nimekuletea maji ya miwa. Hayajachacha. Mimi ni mtu wa kanisa. Nilifikiri, kama ungepuliza kidogo tu. Nimechelewa, najua.”

“Mimi ni mshenzi. Kwa nini unanifuata?”

“Kaka, ni arusi ya mwanangu. Ni huyu mmoja tu.”

“Na mimi mguu wa kushoto ulikuwa huo mmoja tu.”

Mke wangu akainuka, akaleta kikombe. Sikujua yuko upande gani. Katibu akamimina mwenyewe, nusu ikamwagika kwenye viatu. Nikachukua. Nikajaza mdomo. Yale maji yalikuwa baridi na matamu, miwa ya mtoni kabisa. Akanisogelea kidogo, kifua mbele, kama mtoto anayengoja kubatizwa.

Nikameza.

Sikumeza kwa pupa. Nilimeza akiangalia koo langu. Halafu nikajipangusa mdomo.

“Ni mazuri,” nikasema. “Asante.”

Alichukua chupa, akasahau gunzi, akateremka njia ya kisima. Tiketi alikuwa nayo, pasipoti mpya ilitoka, siku ikafika. Hakwenda. Mtu aliyehubiri kwamba hasira ya mtu haiwezi kumfanya kitu alikaa nyumbani kwake amefunga mlango, kwa sababu aliona koo langu likishuka na kupanda. Mwanawe alioa bila mzazi. Ndege iliruka na kiti chake kitupu. Sikuuliza ni ndege ya namna gani, na natumai ilikuwa ile yenye raha.

Wazee wameshakuja. Mchungaji amekuja na Biblia, akanisomea habari ya kusamehe saba mara sabini. Nikamwambia aanze kuisoma kwa aliyekuwa na vidonge mfukoni. Mwenyekiti amekufa, mwenye duka amehamia Mombasa. Amebaki huyo mmoja, na sasa ana wajukuu huko ng'ambo hajawahi kuwashika.

Juzi alikuja tena. Huja kila miwa ikikomaa. Goti limepona kitambo, lakini anachechemea akifika kwangu, sijui ni heshima au ni hofu. Alimimina, akasubiri, nikanywa.

Alipoondoka mke wangu aliniuliza, “Utamwachilia lini?”

“Akiacha kuleta.”

“Na akiacha?”

“Nitajua amenichagulia tena, kama alivyonichagulia ndege.”

Alicheka kidogo, akaosha kikombe, akakirudisha kwenye msumari wake.