Chumvi Iliyokataa Kutoweka

Kule Marereni, kwenye mabwawa ya chumvi, Thuku alijulikana kwa harufu kabla hajaonekana. Alinukia karafuu na mdalasini mwaka mzima, na vibarua walimtania kwamba akipita karibu na jiko, wali mweupe hujidhania pilau. Hakuwajali. Alikuwa mtu wa Nyeri aliyeteremka pwani akiwa kijana, akafundishwa kazi ya maabara papo hapo kiwandani, na kufikia mwaka 1984 alikuwa ameipenda kazi hiyo kiasi kwamba mkewe, Wangu, aliwaambia majirani kuwa anaishi uke wenza na hadubini.

Hadubini yenyewe haikuwa ya kawaida. Punje ya chumvi ni kama kioo. Mwanga hupita ndani yake ukatokea upande wa pili, ila huchelewa kidogo, kama mtu anayekatiza tope badala ya kufuata barabara. Kuchelewa huko jicho halikuoni. Hadubini ya Thuku ilikugeuza kukawa weusi na weupe, kukaonekana. Basi Thuku aliponda chumvi, akaiweka kwenye kipande cha kioo, akaidondoshea mafuta ya karafuu na mdalasini aliyoyachanganya kwa mkono wake mpaka yakawa yanauchelewesha mwanga sawasawa na chumvi. Chumvi safi ikiingia humo hutoweka, usiione tena. Lakini jasi, ule uchafu mweupe ambao kwa macho matupu huwezi kuutenga na chumvi, haiwi sawa na mafuta hayo, kwa hiyo hubaki pale imejianika. Rundo lenye jasi nyingi lilimwagwa, na jasho la waliolikusanya likamwagika nalo.

Mafuta hayo hayakuguswa. Thuku alikwisha kutangaza kwamba hata yeye akifa, watu wangoje azikwe kwanza ndipo wafungue chupa. Alikuwa mkali kwa hilo, na ukali wake ulisikika mpaka kwa wapishi.

Rafiki yake alikuwa Dzombo, nyapara wa kikosi kimoja cha vibarua, Mgiriama wa huko huko, mtu wa maneno mengi na mgongo uliopinda kwa reki. Walikula pamoja kila mchana. Dzombo aliyacheka mahindi na maharagwe ya Thuku kwamba ni chakula cha punda, kisha akayala. Thuku aliusema muhogo wa Dzombo kwamba hauna ladha, kisha akaumaliza. Walikuwa chanda na pete, ingawa ungewasikia ungedhani wanagombana.

Kiangazi hicho kikosi cha Dzombo kilikuwa kimekusanya rundo kubwa kuliko yote, na lori la kutoka Mombasa lilitarajiwa kesho yake. Thuku akaamka mapema kulipima kabla joto halijayabadilisha mafuta. Akaponda, akadondosha, akainama. Punje zote zilikuwa zinamwangalia. Hakuna iliyotoweka. Kwa hesabu ya hadubini, rundo zima la Dzombo lilikuwa uchafu mtupu.

Akarudia na chumvi ya upande mwingine wa rundo. Yale yale. Akachukua konzi, akaikoroga katika glasi ya maji, kwa sababu jasi haiyeyuki kirahisi namna hiyo na ingetuama chini. Chumvi ikayeyuka yote, maji yakawa maangavu kama ya mvua. Hapo ndipo Thuku alipovuta kiti akaketi, maana kama chumvi si mbaya, basi kibaya ni kile kinachoitazama. Mama yake alipofuka akiwa na umri kama wake. Siku zote aliogopa, na siku zote alijiambia kwamba bado. Mtu wa hadubini asiye na macho ana kazi gani Marereni? Angerudi Nyeri kushikwa mkono mpaka chooni.

Hakwenda kwa meneja, wala nyumbani. Alikwenda kwenye mabwawa, akamkuta Dzombo amesimama peke yake kando ya rundo.

"Rundo lako siwezi kulipitisha," akasema.

Dzombo akapandisha mabega tayari kwa ugomvi. "Hulipitishi? Chumvi hii nimeisimamia mimi mwenyewe, punje kwa punje."

"Chumvi haina kosa. Ni macho yangu, Dzombo. Yamekwisha. Kesho namwambia meneja atafute mtu mwingine." Akageuka kutazama baharini ili asionekane analia, na akaonekana.

Mkono wa Dzombo ukapanda polepole mpaka shavuni.

"Mwenehu," akasema, kama Wagiriama wanavyomwita ndugu, "macho yako mazima. Ni jino langu."

Thuku hakuelewa.

"Limenitesa tangu juzi. Kila mtu ajua karafuu ni dawa ya jino. Jana ulipokwenda kusali nikaingia, nikajimiminia kidogo. Kisha nikaona chupa imepungua, nikaijaza kwa mafuta ya nazi. Mazuri, aliyoyakamua mke wangu, Kadzo. Nilidhani mafuta ni mafuta."

Kumbe nazi ndiyo iliyouharibu ule usawa wa mafuta na chumvi, punje zisitoweke. Kikulacho ki nguoni mwako. Na Thuku, ambaye pua yake ilishazoea karafuu mpaka haiisikii tena, alikuwa amesimama uso kwa uso na mwizi anayenukia kama yeye. Alimtukana Dzombo kwa Kiswahili, akamtukana kwa Kikuyu, akaita mafuta ya nazi majina ambayo nazi haikustahili. Halafu akacheka hadi akakaa chini juu ya chumvi, machozi yakimtoka upya, na safari hii hakuyaficha.

Jioni nzima alichanganya mafuta mapya. Alfajiri, lori likiwa tayari langoni, akampisha Dzombo kwenye kiti.

"Tazama."

Dzombo akainama. "Sioni kitu. Chumvi yangu iko wapi?"

"Imo humo humo. Ni safi, ndiyo maana huioni."

Dzombo akakaa muda mrefu na jicho lake kwenye hadubini. "Mgongo wangu huu wote," akasema, "na wewe unafurahi usipoona kitu."

"Nafurahi sana," akajibu Thuku.

Akachukua kichupa kidogo, akakitia mafuta, akaandika juu yake JINO, akampa. "Mara nyingine uombe."

"Ungenipa?" akauliza Dzombo. "Wewe, na maneno yako yale ya kuzikwa?"

Thuku alikuwa anapangusa hadubini, na hakuinua kichwa. "Jana nilidhani nimepofuka, nikaja kwako kabla sijamwambia hata Wangu. Unaniuliza habari ya mafuta?"

Dzombo akakitia kichupa mfukoni, akatoka kwenda kuwaita vibarua wapakie.