Sindano ya Dada Yake Fundi Futi

Ilikuwa mwaka wa tisini na nane. Hapana, nimekosea, ilikuwa tisini na tisa, maana tisini na nane fundi bado alikuwa kwenye kile chumba cha zamani chenye paa linalovuja, na habari hii yote ilianzia kwenye chumba kipya cha kona, chenye dirisha pana na kibao kilichoandikwa kwa mkono: NGUO ZA KIKE NA KIUME, VIRAKA PIA. Basi iwe tisini na tisa, mwanzoni mwanzoni.

Fundi mwenyewe watu walimwita Futi. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye vyeti tu. Alikuwa na futi ya kupimia, ya kitambaa, ya manjano, aliyoachiwa na mzee aliyemfundisha kushona, na futi hiyo haikutoka shingoni mwake tangu anafungua mlango hadi anafunga. Wengine walisema analala nayo. Marehemu mkewe aliwahi kuulizwa, akajibu, "Jumapili huwa anaivua."

Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa mikono, lakini si wa kuamini upesi. Ukimletea kitambaa ukamwambia ni hariri, anachomoa uzi mmoja anauchoma kwa kiberiti aone unavyoungua, wewe umesimama hapohapo unamtazama. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimevimba kwenye kiungo, kazi ya mkasi ya miaka arobaini, na asubuhi kilikuwa hakikunjiki mpaka akitie kwanza kwenye maji ya moto. Daktari alipomwambia huo ni ugonjwa wa viungo, alimuuliza, "Umejuaje na hujakishika?"

Dada yake mkubwa alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alipikia shule ya bweni miaka thelathini, masufuria ambayo mtoto angeweza kuogea humo ndani, na alipostaafu akaja kukaa na mdogo wake, wote wawili wameshafiwa na wenzi wao. Alikuwa na maneno mengi na kicheko cha karibu. Siku moja akateleza bafuni, akajizuia kwa mkono, na mkono ukavunjika pale kwenye kifundo kama kijiti cha kiberiti. Kuteleza kwenyewe kulikuwa kudogo, na hapo ndipo daktari wa mifupa alipotia shaka. Akamlaza kwenye mashine, akamwambia mifupa yake imekuwa myepesi, ndani ina matundu matundu kama mkate. Akamwambia pia kwamba kuna utafiti wa dawa unaanza pale hospitali, kama atapenda.

Siku ya kutia saini walikwenda wawili. Chumba cha utafiti kilikuwa mwisho wa korido ndefu: meza, friji ndogo yenye kufuli, kitanda cha kuchomea sindano, na ukutani kipimo cha urefu chenye kibao kinachoteremshwa hadi utosini. Nesi alikuwa binti mtulivu, na kila karatasi aliipanga kingo zikalingana. Fundi aliliona hilo, akampa alama moja moyoni.

"Ni sindano moja kila miezi sita," nesi akaeleza. "Tumboni, chini ya ngozi. Nusu ya kina mama watapata dawa, nusu watapata maji ya chumvi. Vidonge vya kuongeza madini ya mifupa watapata wote."

"Na dada yangu atapata ipi?"

"Sijui, mzee."

"Atakayemchoma nani?"

"Mimi."

"Na hujui."

"Mimi sijui, daktari hajui, na mama mwenyewe hatajua. Namba zimegawanywa na kompyuta. Ni makusudi, ili tusimpendelee mtu, na sisi wenyewe tusijidanganye."

Fundi akaishika futi yake kwa mikono miwili, kama mtu anayeshika kamba ya ndoo. "Mwanangu, mimi hata kifungo siwezi kukishona bila kujua ni cha shati la nani."

"Ndiyo maana wewe ukashona," dada yake akasema, "na mwenzio akasomea unesi. Niwekeeni wino."

Dada hakujua kusoma. Ilibidi shahidi amsomee fomu yote, kisha yeye aweke dole gumba na shahidi atie saini chini yake. Kurasa zilikuwa kumi na moja. Fundi alizisoma zote kwa sauti, kidole chini ya kila mstari, akirudia pale asipoelewa. Ukurasa wa saba ulisema kwamba mshiriki atakayevunjika tena, au ambaye urefu wake utapungua kupita sentimita mbili, atapigwa picha ya mgongo, na huenda akatolewa kwenye utafiti ili apewe matibabu ya kawaida. Alipofika kwenye neno "akatolewa", dada alikohoa. Fundi akaendelea hadi mwisho. Nesi akauliza kama wana swali. Dada akasema hana, akaweka dole. Fundi alikuwa nayo kama kumi hivi, lakini wino ulikuwa umeshakauka, akatia saini.

Tangu siku ile hakutulia. Neno "shahidi" lilimkaa kifuani kama pini iliyosahauliwa kwenye kola. Kama dada yake anachomwa maji huku mifupa inazidi kutoboka, aliyeshuhudia ni nani?

Kwa hiyo akawa anamsindikiza kila zamu, si kwa upendo tu. Alikuwa anachunguza. Aliisoma namba kwenye kiboksi cha sindano kabla hakijafunguliwa, akaiandika kwenye kiganja. Pamba iliyotumika aliinusa. Nje ya mlango palikuwa na benchi la kina mama waliokuwa kwenye utafiti uleule, na benchi hilo lilikuwa na elimu yake lenyewe.

"Dawa yenyewe inawasha," mmoja akasema, mama mmoja aliyekuwa akiuza magazeti. "Mimi yangu iliwasha siku tatu."

"Na yangu inawasha," dada akadakia.

"Mara iliyopita uliniambia haiwashi," fundi akasema.

"Imeanza sasa hivi, baada ya kumsikia mwenzangu."

Benchi zima likacheka, fundi hakucheka. Alimuuliza muuza magazeti siku tatu zilianza saa ngapi na akajikuna wapi. Yule mama akamgeukia dada. "Shoga, huyu kaka yako ni mpelelezi?"

"Ni fundi nguo. Lakini ukikaa naye vibaya atakufumua."

Mwaka wa pili ndipo alipoona jambo. Dada alikuwa na gauni la kahawia alilomshonea mwenyewe, refu, la kufika kwenye vifundo vya miguu, na alilivaa kila alipokwenda hospitali kwa sababu ndilo zuri. Sasa alikuwa anajikanyaga mbele. Fundi alidhani pindo limefumuka, akalikagua, liko sawa. Akamsimamisha mbele ya dirisha, akazunguka. Mbele gauni limegusa sakafu. Nyuma limepanda hadi nusu ya muundi. Kila fundi anajua maana yake: mgongo umeanza kuinama, na bega linabeba kitambaa kwenda nacho mbele.

Akachukua futi, akapima shingo hadi kiuno. Akafungua daftari lake la vipimo, ambamo dada yake alikuwa ukurasa wa kwanza kabisa. Zamani inchi kumi na sita. Sasa kumi na nne na nusu.

"Wanasemaje kuhusu urefu wako kule?"

"Uleule. Kila siku nesi ananiambia, 'Mama, upo vilevile.'"

Sasa fundi akawa na uhakika. Sindano ni maji, na ili isijulikane, wanaandika urefu wa uongo. Usingizi ukampungua. Siku ya zamu iliyofuata alikwenda na daftari kwapani na futi shingoni, akaingia nalo chumbani bila kungoja kuitwa.

Nesi alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo lilimkera, maana alikuwa amejiandaa kukatizwa. Kisha nesi akatoa rula ndefu ya chuma kwenye droo, akamwomba futi, akainyoosha pembeni yake juu ya meza.

"Mzee, inchi sitini za futi yako ni sitini na moja na nusu za rula."

Fundi akainama. Akahesabu mwenyewe. Akahesabu tena kutoka upande wa pili. Kitambaa kilikuwa kimevutika miaka na miaka kikining'inia shingoni mwake. Wateja wote wale waliomletea vipimo kwenye karatasi, wakamsifu kwamba hana uchoyo wa kitambaa, kwamba suruali zake zina nafasi, kumbe walikuwa wanaisifu futi mbovu. Masikio yakamwaka moto. Dada akatazama dari akiuma mdomo asicheke.

Lakini akili ya kutoamini haizimiki upesi. Akafungua daftari tena. "Kama ni futi," akasema taratibu, "ingempunguza kote. Kiuno hadi kisigino ni kilekile, kimepungua robo inchi tu. Kilichoisha ni mgongo. Futi gani hiyo inayochagua?"

 Nesi akalitazama daftari kwa makini kuliko alivyoitazama futi. "Basi tumpime mbele yako," akasema. "Mama, viatu."

Dada akavua viatu, akasimama kwenye kipimo, mgongo ukutani. Nesi akasimama kwenye kigoda kidogo, macho kwenye utosi, akateremsha kibao. Ndivyo alivyofanya siku zote, kwa sababu kazi yake ilikuwa huko juu. Fundi naye, bila hata kufikiri, akafanya anachofanya mbele ya mteja aliyesimama. Akapiga goti, akakagua pindo.

Mbele gauni lilikuwa limefunika miguu yote. Nyuma, kwa pembeni, lilikuwa limepanda. Na pale chini akaviona visigino vya dada yake, viwili, vikavu, vimepasuka kidogo, viko hewani. Kati yavyo na sakafu ungepitisha boksi la uzi.

"Uleule," nesi akasema kutoka juu.

Fundi akasogeza pindo kidogo ahakikishe. Aliwashuku wote: nesi, daktari, kompyuta, kiboksi, pamba. Huyu hakuwahi kumshuku hata siku moja. Na akajua pia kwamba akisema, dada yake anatolewa, na asiposema, mgongo unakwenda.

"Dada, teremka."

"Nimeteremka."

"Visigino, dada."

Kibao kilibaki hewani, na kichwa cha mama yule kikashuka chini yake polepole. Nesi aliteremsha kibao tena. Zimepungua sentimita nne na nusu. Hakugomba. Alifungua fomu za nyuma, moja baada ya nyingine, akapiga mstari mmoja juu ya kila urefu alioandika, akaweka saini na tarehe pembeni, bila kufuta. Fundi aliliona hilo pia. Ndivyo anavyosahihisha daftari lake.

Picha ya mgongo ilionyesha pingili mbili zimebonyea, kimyakimya, bila kishindo. Daktari akasema leo hii anatoka kwenye utafiti, anaanza vidonge vinavyojulikana, kimoja kila wiki.

Koridoni dada alitangulia hatua kumi. Hakuwahi kutembea upesi hivyo tangu avunjike mkono. Fundi alimfikia kwenye ngazi.

"Kwa nini ulisimama kwa vidole?"

"Si wewe ulinisomea? Ukipungua unatolewa."

"Nilisoma unatolewa ili utibiwe."

"Mimi nilisikia hapo pa kutolewa, kwingine sikusikia." Akashika chuma cha ngazi. "Wewe unajua yule binti akinipigia simu ananiuliza nini? Umelalaje, mama. Maumivu yakoje, mama. Umekula? Miaka thelathini nimepikia watu, hakuna aliyeniuliza nimekula. Na nyumbani wewe unanipima tu."

 Wakapanda gari kila mtu kwenye kiti chake.

Siku nane hawakusemeshana vizuri. Lakini vile vidonge vya wiki vilikuwa na masharti: unameza asubuhi kabla ya kula, kwa maji mengi, halafu unakaa wima nusu saa nzima, huruhusiwi kulala wala kuinama. Peke yake dada hangeweza kukaa nusu saa bila kuinamia kitu. Fundi akawa anakaa naye, viti viwili vinatazamana, kidole gumba chake kimo kwenye bakuli la maji ya moto. Mara ya kwanza walitazama saa ya ukutani. Mara ya pili, zikiwa zimebaki dakika kumi, akasema akitazama bakuli, "Umelalaje?"

"Mpelelezi ameanza," dada akasema. Lakini akajibu, na akajibu kwa urefu, mpaka dakika kumi zikapita na nyingine ishirini.

Hakuvunjika tena. Gauni la kahawia fundi alilifumua akalikata upya, mbele fupi, nyuma refu, kwa futi mpya ya plastiki ambayo huipima kwa rula ya chuma kila mwezi.

Ila nesi alikuwa amewaambia kwamba utafiti ukifungwa kila mama ataandikiwa barua ya kumjulisha alipata nini. Utafiti ulifungwa. Barua haikufika. Nesi alihamishwa, hakuna aliyejua wapi. Fundi alikwenda mara ya kwanza akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa mafaili yamepelekwa makao makuu. Mara ya mwisho chumba kile kilikuwa stoo ya viti vibovu, na kile kipimo cha urefu bado kiko ukutani nyuma yavyo. Akaenda dirisha la kumbukumbu, akatoa nakala ya fomu aliyopewa siku ile ya kutia saini, kurasa kumi na moja, akaifungua ukurasa wa mwisho, penye dole gumba la dada yake na saini yake chini, akaigeuza ili karani aione vizuri.

Karani akasema mama kama mzima, anahangaikia nini.

"Sihangaiki," fundi akasema. "Hapa pameandikwa shahidi, na huyu shahidi ni mimi. Nilishuhudia dawa, au nilishuhudia maji?"