Shujaa wa Kofia Pana

Juzi mpwa wangu aliniketisha mbele ya kompyuta yake. "Tantine, angaliya. Filamu hii wameitengeneza kwa kuheshimu zile za zamani." Nikaangalia. Shujaa wa kofia pana ananing'inia kwenye jabali la maboksi yaliyopakwa rangi, chini mamba wa plastiki anatikiswa na mtu ambaye mkono wake unaonekana. Mpwa wangu alifurahi. Mimi niligeuza uso.

Uchafu huo naujua, rafiki yangu. Miaka ya vita, mtaani kwetu Cibitoke, tulikuwa na chumba cha video: mabati, mabenchi, televisheni moja. Mwenye chumba alinunua kanda kwenye maduka ya mtaa wa Asiatique, zile za bei ya chini kabisa. Kila kanda iliishia shujaa akianguka shimoni, na Jumamosi inayofuata alitoka shimoni bila hata vumbi kwenye suruali. Mwenye chumba naye alivaa kofia ya namna hiyo, akatembea kifua mbele kama mjinga yule wa kwenye kanda.

Asubuhi za Jumamosi nilichambua maharagwe na bibi, nikachota maji, ndipo aliponiruhusu kwenda. Nje ya chumba mama mmoja, jirani yetu, alikaanga ndagala, dagaa wa ziwani. Harufu yake ilipenya mabatini, na kwa kweli ilikuwa tamu kuliko filamu yenyewe.

Jumamosi moja, mchana, risasi zililia karibu sana. Mwenye chumba alikuwa mlangoni. Tulidhani atatuambia la kufanya. Alitoka, akafunga mlango kwa kufuli, akakimbia na ufunguo! Ndani tulibaki watoto peke yetu, tunalia, na kwenye televisheni shujaa bado anapigana ngumi na watu wanaoanguka kabla ya kuguswa.

Kisha tukasikia mlango unagongwa kwa kitu kizito. Jirani alikuwa ameacha karai lake motoni, akachukua mchi, akapiga kufuli mpaka likang'oka pamoja na ubao.

"Mutoke! Mushikane mikono! We mukubwa, beba uyu mutoto!"

Alituongoza nyuma ya nyumba, tumeinama, hadi uani kwa bibi. Tulilala kifudifudi sakafuni mpaka kukatulia. Mkono wa jirani ulikuwa umeungua kwa mafuta ya karai. Bibi akaumwagia maji ya baridi, na yeye akawa anauliza kama tumetimia.

Mwenye chumba alipofungua tena, alisimama mbele ya mabenchi na kofia yake, akasimulia jinsi alivyotuokoa. Kuhusu kufuli alisema alikuwa anatukinga. Alikuwa anakinga televisheni! Bibi alikuja kunitoa kwa nguvu. "Uyu mutu apana na haya?" alisema, kila mtu asikie. Jirani, akigeuza ndagala kwa mkono uliofungwa kitambaa, alicheka tu: "Mumuache, iyo ni sinema."

Kabla vita haijaisha jirani alifunga mizigo akaondoka, wengine wanasema alihamia Kanyosha, wengine wanasema alivuka mpaka. Chumbani sasa wanauza makava ya simu. Mwenye kofia amenenepa, na harusini bado anasimulia ushujaa wake, watu wanampigia makofi.

Mimi namtafuta yule mama. Nimekwenda Kanyosha kuulizia, nimeuliza na waliorudi kutoka ng'ambo ya mpaka. Wote wananiuliza jina lake nani. Sisi tulimwita jirani.