Vega wa Miaka Ishirini na Mitano

Hii aibu nimeikalia karibu mwaka mzima, na ninaisimulia mwenyewe kwa sababu Mama Kevo, jirani yangu wa mlango wa pili hapa Komarock, ameanza kuisimulia vibaya kule sokoni Kayole na ananifanya nionekane nilirusha kiti (sikurusha kiti, nilikisukuma).

Mimi ni mke mwenye wivu, hilo sikatai. Mume wangu, Baba Wambui, ni fundi wa friji, mtu mpole asiyeongea sana, na mtu wa namna hiyo akianza kupanda juu ya flati kila jioni, pale tunapoanika nguo, eti anapunga hewa, sasa wewe kama mke utafikiria nini? Nilivumilia wiki tatu. Halafu Ijumaa moja akaingia kuoga akaacha simu kitandani, nikasema wacha niangalie saa tu (saa ya ukutani ilikuwa inafanya kazi vizuri), nikakuta amemwandikia mtu anayeitwa Mwalimu: "Nimemwona Vega tena jana. Mrembo ajabu. Miaka 25." Na huyo Mwalimu amejibu: "Kesho saa nane, ukumbi wa kanisa. Usikose kumleta Vega, watu wanamngoja."

Angeandika "nimeiona" ningejua ni kitu, lakini Baba Wambui amezaliwa na kulelewa mtaa wa Huruma, Nairobi hapa hapa, na mambo ya ngeli hayajawahi kumkosesha usingizi, na huyo Mwalimu naye alimfuatisha tu. Mimi nina miaka thelathini na minane. Nilikaa pale kitandani nikipiga hesabu ya tofauti. Nikamwambia Mama Kevo, na Mama Kevo, badala ya kunituliza, akaniambia, "Wameenda hadi kanisani? Basi hiyo ni ndoa."

Kesho yake nilisukwa nywele, nikavaa lile gauni la kijani la harusi ya dada yangu, na saa nane na robo mimi na Mama Kevo tukasukuma mlango wa ukumbi. Mume wangu alikuwa amesimama mbele na shati lililopigwa pasi (alilipiga mwenyewe, na hiyo nayo iliniuma), na kando yake mwanamke mrefu ameshika chaki. Sikuangalia nani mwingine yuko ndani. Nilikisukuma kiti kilichokuwa njiani, nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua, "Baba Wambui, huyu Vega ni nani? Asimame nimwone."

Nikaona mikono inainuka, midogo, kama arobaini hivi, maana ukumbi mzima ulikuwa watoto na wazazi wao, na msichana mmoja wa safu ya mbele akajibu bila kungoja kuchaguliwa, "Ni nyota."

Mama Kevo aliondoka. Alivyoondoka sikuona.

Yule mwanamke wa chaki ndiye Mwalimu, anayeongoza kikundi cha watazama nyota alichojiunga nacho mume wangu, na ana miaka kama sitini. Mume wangu aliniangalia kwa muda, nikajua amekasirika kwa sababu masikio yake yalisogea, kisha akawageukia watoto. "Mwanga wa Vega unasafiri miaka ishirini na mitano ndio ufike hapa," akasema. "Huo tunaouona leo ulitoka huko kitambo. Na kama kuna mtu huko anatuangalia sasa hivi, haoni leo. Huyu mama aliyesimama mlangoni, huko anaonekana bado ni msichana wa miaka kumi na mitatu." Akaongeza, "Pengine huyo hana hasira."

Wakacheka, wazazi wakiongoza. Nilikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakigusa kidevu, nikasikiliza somo lote, na niwaambie ukweli, wivu haukuisha. Alikuwa anaongea. Huyu mtu anayenijibu "mm" mezani alikuwa anaongea mikono hewani, macho yanang'aa, na waliokuwa wanapewa hayo yote walikuwa watoto wa wenyewe.

Nyumbani nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia siku ya kwanza," akasema. "Ukasema nikuondolee mambo ya nyota, vitunguu vinaungua."

Ni kweli. Nilisema hivyo.

Tulikaa siku nne bila kuzungumza, ya tano nikamfuata juu. Alinionyesha. Ni kadoti tu, upande wa kaskazini, na nilikatazama mpaka shingo ikauma.

Nimeapa sitavamia mkutano wa mtu tena; nikiwa na swali nitauliza mezani, kwa sauti ya kawaida. Juzi nilimuuliza kama kwenye hicho kikundi chao cha nyota kuna wanawake. Akasema wako wanne. Nikamwongezea chai, nikanyamaza kama mtu mzima, halafu nikamwomba majina.