Mawese Kwenye Breki

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha kemia Kigoma niliupitisha katika chumba kimoja cha uani, Gungu, kwenye nyumba ya mjane ambaye nilimwita mama, kama walivyomwita wapangaji walionitangulia. Nilikuwa nimetoka Njombe. Sikuwa na ndugu upande huu wa nchi. Walimu wenzangu hawakunikosea lolote, ila walikuwa na tabia ya kuhamia Kiha, lugha ya huku, pale kichekesho kilipokaribia mwisho, nami nikawa ninacheka nikiwa nimechelewa, au sicheki kabisa. Siku ndefu kuliko zote ilikuwa Jumamosi. Nguo zilikwisha kufuliwa mapema, na baada ya hapo hapakuwa na mtu aliyenihitaji mpaka Jumatatu.

Jumamosi ndiyo siku aliyoitumia mama kuosha gari.

Lilikuwa gari dogo la buluu iliyokoza, mali ya marehemu mumewe, ambaye kila alfajiri alikwenda nalo Kibirizi kununua dagaa. Tangu msiba lilikaa chini ya paa la mabati nyuma ya nyumba. Fundi alikuwa akipita mara mojamoja kuliwasha, akasema injini ni nzima. Mama hakujua kuendesha. Alichojua ni kuosha, na aliosha kwa bidii ya mtu anayeogesha mtoto, akitumia kipande cha wavu chakavu wa dagaa alichokikunja kama dodoki. Wengi hapa husugulia wavu huo masufuria, na wengine huuogea. Jua lilipolipiga boneti niliona mikwaruzo myembamba isiyo na idadi, yote ikizunguka, ikifuata mwendo wa mkono wake.

Nilimwamkia, nikasogea.

“Mama, wavu huu unashika mchanga. Ukisugua, unausugua mchanga kwenye rangi.”

“Mbona sufuria zangu zinang’aa?”

“Sufuria haina rangi ya kupoteza.”

Alinitazama kidogo, kisha akacheka. “Haya, mwalimu. Fundisha.”

Baba yangu alikuwa na gereji ndogo, na mambo hayo niliyajua kabla sijajua kemia. Nilimweleza kwamba gari huoshwa kivulini, likiwa limepoa. Kwanza maji mengi bila kugusa, ili vumbi liondoke lenyewe. Kisha kitambaa laini, kutoka juu kushuka chini, na ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia kitambaa. Magurudumu huwa ya mwisho na huwa na kitambaa chake, kwa sababu uchafu wake ni mkali. Tuliosha pamoja. Kijana wa bodaboda alisimama getini kututazama.

“Mwalimu, hilo mkimaliza kuliosha mlivishe na sanda.”

“Pita huko,” mama alimjibu bila kugeuka. “Pikipiki yako inakohoa kuliko bibi yako.”

Tangu hapo Jumamosi zangu zikawa na kazi, na kazi ikawa na mazungumzo. Ndipo nilipojua kilichokuwa kikimsumbua. Binti yake wa pekee aliishi Kasulu, na kila alipopiga simu alimsihi mama ahamie kwake. Mama alitaka kwenda. Lakini hakutaka kuliacha gari, na alipoambiwa kwamba mkwe wake angeweza kuja na lori alibebe, alikataa.

“Mwenyewe hakuwahi kulipandisha kwenye lori,” aliniambia. “Litafika Kasulu kwa miguu yake. Au tunabaki wote hapa.”

Nilielewa mara moja maana ya maneno hayo kwangu. Barabara ya Kasulu ina milima, na gari lililokaa muda mrefu haliwezi kuaminiwa milimani mpaka breki zake zimekaguliwa na kuzoezwa upya. Kadiri nilivyolitengeneza ndivyo nilivyomsogeza mama kwenye safari yake, mbali nami. Nilikuwa nimesoma sana juu ya wajibu, na nilidhani wajibu ni kitu ambacho mtu hukikuta kikubwa na cha wazi, mbele ya watu. Huu nilikutana nao nikiwa nimechuchumaa kando ya gurudumu, nikitazama kutu.

Nilimwonyesha zile diski za breki za mbele, nyekundu kama matofali. Nikamweleza kwamba chuma cha diski hakina rangi ya kukikinga, na hewa ya ziwa ina unyevu, kwa hiyo kila kikiloa hushika kutu. Gari linalotembea hujifuta kutu hiyo lenyewe, breki zinapobana. Linalooshwa na kuachwa limesimama haliwezi. Basi tukakubaliana: nitasafisha diski, na kila baada ya kuosha nitalitoa mpaka barabara kubwa na kurudi, nikigusa breki taratibu zikauke. Likizoea, mkwe aitwe aje kuliendesha mpaka Kasulu.

Jumamosi tatu tulifanya hivyo. Mama aliketi nyuma, mahali alipozoea kuketi, amejifunga khanga mpya kwa safari ya dakika chache.

Jumamosi iliyofuata niliitwa shuleni ghafla kusimamia mtihani, nikachelewa kurudi. Nikakuta amekwisha kuliosha peke yake, kivulini, kwa kitambaa laini, bila kosa. Aliketi nyuma, nikawasha. Njia ya kutoka uani inateremka kidogo kuelekea getini. Nilikanyaga breki, gari halikusimama. Nikakanyaga tena, likateleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi. Nilivuta hendibreki. Likasimama getini, pua yake ikiwa tayari barabarani, na bodaboda mmoja akatupita akipiga honi.

Kukaingia harufu ya jikoni.

“Mama,” niliuliza, “umepaka nini kwenye magurudumu?”

“Mawese,” alisema kwa sauti ya kawaida. “Ulisema chuma kinashika kutu. Jembe letu tunalipaka mawese likitoka shambani, na panga pia. Havijashika kutu hata siku moja.”

Kwa hoja hiyo hakuwa na kosa. Mafuta huzuia kutu kwenye jembe na kwenye diski vilevile. Nilimweleza kadiri nilivyoweza kwamba jembe halihitaji kukwaruzana na kitu ili lisimame. Aliitazama barabara, nami nikajua alikuwa akiiona milima ya Kasulu.

“Basi nimeliua,” alisema. “Nimpigie mwanangu nimwambie nabaki.”

Sikuhitaji kusema uongo. Ningenyamaza tu, na kimya changu kingetosha. Simu ilikuwa tayari mkononi mwake. Nilifikiria ndoo mbili na mchana mrefu, na mtu wa kuniambia nifundishe.

“Linapona, mama,” nilisema. “Diski zitaoshwa kwa sabuni na maji ya moto. Pedi zinazobana diski zimekunywa mafuta, hizo atabadilisha fundi. Usimwambie unabaki.”

Fundi alizibadilisha katikati ya wiki. Nililijaribu mteremko baada ya mteremko mpaka niliporidhika, na nilichukua muda kuridhika. Mkwe alikuja kwa basi, mtu mpole, akakagua kila kitu mwenyewe, jambo lililonifurahisha. Siku ya kuondoka mama alinishika mikono yote miwili, akaniombea mke na uhamisho wa karibu na kwetu. Nilisimama getini kutazama gari linavyoteremka. Taa za breki ziliwaka, likapunguza mwendo vizuri, likasubiri pikipiki ipite, likakata kona.

Jioni binti yake alinitumia ujumbe. Wamefika salama, njiani kulinyesha, gari limejaa matope. Mama anauliza alioshe sasa au asubuhi. Nikaandika: kesho, likiwa limepoa. Maji kwanza, asiyaguse matope kwa mkono. Kisha mkwe alizungushe kidogo, akigusa breki. Na mawese yabaki jikoni.

Nikaongeza kwamba huku uani kumekuwa kimya mno. Niliusoma ujumbe, nikaufuta mstari huo wa mwisho, nikatuma uliobaki.